Barua Niliyoiita Dua

Jumatatu, 4 Juni 1956. Mbeya

Sakitu tena asubuhi, umande umeganda kwenye majani. Vidole havikutaka kushika kalamu. Hata hivyo nimesoma mita kumi na tisa kabla ya saa nne. Za Uzunguni kwanza, halafu Uhindini, mwisho zile tatu za Majengo. Bustani za Uzunguni zinakunywa maji kuliko watu. Mbwa mmoja kanirarua suruali, mwenye mbwa akacheka. Mimi sikucheka.

Umebaki mwezi mmoja wa majaribio. Ukiisha, ama nathibitishwa kuwa karani wa mita, ama narudi Iringa kwa baba kupima sukari dukani. Karani Mkuu, Mzee Mwakalinga, amenisemea vizuri kwa Bwana wa Maji, mkuu wetu. Mzee ni mtu wa Rungwe, Mkristo, mpole, utani haujui kabisa. Ameandika kwamba mimi ni mtu wa kuaminika. Nililipenda neno hilo. Nililirudia njia nzima juu ya baiskeli.

Nilikuwa na notisi nne za waliochelewa kulipa. Tatu nimekabidhi. Ya nne ni ya nyumba ya marehemu Fundi Idi, mshona nguo, aliyefariki mwezi uliopita, wiki moja baada ya sikukuu ya mfungo. Mjane wake, Bi Zuhura, amekaa eda. Miezi minne na siku kumi hatoki nje, wala hasemi na mwanamume asiye wa kwao. Nalijua hilo tangu utotoni. Nikapiga hodi mara tatu. Ndani kigoda kikasogezwa, kisha kimya. Nikaisukuma notisi chini ya mlango, nikaondoka.

Notisi inasema asiyeweza kulipa afike ofisini mwenyewe kuomba msaada, ndani ya siku saba tangu notisi ilipotiwa mkononi mwake. Msaada upo kweli. Mjane, mgonjwa, mzee asiye na mtu, Bwana anaweza kuwafutia. Wengi hawajui. Kuwaeleza ni kazi yangu.

Daftari lina nafasi mbili: Mkononi, au Hakuonekana. Ukiandika Hakuonekana unatakiwa kurudi. Nimeandika Mkononi. Baridi ilikuwa kali na nilitaka chai. Sababu ni hiyo tu, nyingine sina.


Alhamisi, 7 Juni

Siku ile ningeweza kumpa Mwanaidi notisi aipeleke. Mke wangu huingia kwa Bi Zuhura karibu kila siku, kumtazama mjane. Lingekuwa jambo la dakika mbili. Lakini sipendi mke aingize mkono katika mambo ya ofisi. Nilishamwambia hivyo mwaka jana, kwa sauti, mbele ya mama yake.


Jumanne, 12 Juni

Siku saba zimepita jana. Mzee Mwakalinga kauliza, "Huyu mama wa Majengo alikuja?" Nikasema hakuja. "Na notisi alipata?" Nikasema alipata. Akasikitika kweli, kisha akatia sahihi. Bila msaada kuombwa, mkono wake umefungwa.

Nimekwenda na fundi kukata. Koki iko nje, kando ya njia, chini ya kifuniko cha chuma. Hakuna haja ya kubisha mlango wa mtu. Fundi alizungusha spana mara nne, basi.

Nimekaa nikaitazama ile bili. Maji ya mwezi wa tano yamepanda mara tatu ya kawaida. Najua yalikwenda wapi. Maiti ilioshwa kwa maji yale. Siku tatu za matanga mtaa mzima ulipika kwa maji yale, ukanawa kwa maji yale. Na mimi nilinawa. Nilikula sahani mbili za wali, nikanawa tena. Kisha nikaenda kusoma mita, nikaandika namba.


Alhamisi, 14 Juni

Mwanaidi amerudi na khanga imelowa mabegani. Amekuwa akiteka maji bombani sokoni kumpelekea Bi Zuhura. Mama mkwe wa mjane, Bi Mosi, naye huenda, lakini ni mzee na foleni ni ndefu. Nyumba ile ilikuwa inawapa maji majirani bure. Sasa inaombewa maji.

Akaniuliza nani kaamuru kukata maji ya mtu aliyekaa eda. Nikasema ni amri ya ofisi. Akauliza kama hao wa ofisini hawakuambiwa kwamba yule hawezi kutoka. Nikasema sijui. Nikaomba chumvi. Chumvi ilikuwa mbele yangu.


Jumamosi, 16 Juni

Hii naiandika kwa sababu nisipoiandika nitaanza kuamini haikutokea.

Saa tano Bi Mosi alifika ofisini, kajitanda kaniki, kashika karatasi iliyokunjwa. Hakuniona, nilikuwa nyuma ya kabati. Akampa Mzee Mwakalinga kwa mikono miwili, akaondoka polepole. Mzee akaifungua, akaigeuza juu chini, chini juu. Imeandikwa kwa herufi za Kiarabu. Ofisi nzima ni mimi peke yangu ninayezisoma. Akaniletea. "Athumani, hii inasemaje?"

Nikaisoma kimya. Ni Kiswahili safi, mwandiko wa mtu aliyesoma chuo cha Kurani. Ilikuwa hivi:

Bismillahi. Kwa Bwana wa Maji, baada ya salamu. Mimi ni mjane wa Fundi Idi. Karatasi yenu niliikuta chini ya mlango. Herufi zile sizijui, na aliyenisomea alikuja siku maji yalipokatwa. Nimekaa eda, siwezi kufika. Naomba mama mkwe wangu apokewe kwa niaba yangu. Maji yale mengi ni ya matanga. Naomba msaada mnaowapa watu, au mnipe muda eda yangu iishe, cherehani ya marehemu ipo, nitashona nilipe. Wala msimkasirikie karani aliyeleta karatasi. Alipiga hodi mara tatu, akaondoka kwa kuiheshimu eda yangu. Ni mtu wa adabu.

Nilisoma mpaka mwisho. Niliona wazi kwamba maneno "chini ya mlango" yananiumbua. Mimi nimeandika Mkononi.

Nikamwambia Mzee ni dua. Anamwombea Bwana wa Maji afya na maisha marefu.

Mzee akafurahi. Akasema watu wa Majengo wana moyo mzuri, wamekatiwa maji na bado wanaombea. Akaandika juu yake, kwa wino mwekundu, "Dua. Hakuna la kujibu." Akaitia faili.


Jumapili, 17 Juni

Nimeona haya kusimama mbele ya kioo kunyoa. Nimejikata kidevuni.

Mtu wa adabu. Afadhali angenitukana.


Jumatano, 20 Juni. Iringa

Nimetumwa kuchukua mita mpya. Basi liliondoka Mbeya jana alfajiri. Chimala tulisimama, abiria wakanunua mchele mpaka njia ya kupita ikajaa magunia. Mama mmoja Msangu aliweka mguu wake juu ya gunia na mguu wangu chini ya gunia. Sikulalamika. Siku hizi silalamiki juu ya kitu, naona sina haki.

Baba amezeeka. Mtoto wa jicho amefunika jicho la kulia, la kushoto linaona kivuli tu. Duka analiendesha kwa kupapasa. Watu wanaingia na salamu zao za Kihehe, kamwene, naye anawatambua kwa sauti na kuwapimia bila kukosea.

Zamani yeye ndiye aliyewasomea barua watu wote wa pwani waliohamia mtaa wetu. Barua za Bagamoyo, za Tanga, za Kilwa. Wakati mwingine msiba umo ndani ya bahasha, na baba ndiye wa kwanza kuujua. Leo amenipa barua ya shangazi nimsomee. Shangazi anasema kiwanja cha babu kimeuzwa, tena bila kumwuliza baba. Nilipofika hapo nikataka kuparuka. Nikanyamaza kidogo tu. Baba akasikia ule ukimya.

"Soma kama ilivyo," akasema. "Aliyeandika hayupo hapa kujitetea."

Nikasoma. Akaumia, akashukuru, akaniambia ndiyo faida ya kusomesha. Nikatoka nje kama ninayekwenda kupunga hewa. Nilikaa nyuma ya duka kwenye masanduku matupu ya sabuni. Nimelia, mtu mzima mwenye mke. Naandika ukweli.


Jumamosi, 23 Juni. Mbeya

Nimerudi. Mita mpya zote salama. Mwanaidi ana kikohozi, bado anabeba maji.


Jumatatu, 25 Juni

Nimethibitishwa. Barua imepigwa taipu, ina sahihi ya Bwana. Mzee Mwakalinga amenishika mkono kwa mikono yake yote miwili, akasema kwao mtu akipata kazi ya kudumu hupikiwa ndizi kwa maziwa, niende kwake Jumapili. Nikasema nitakwenda. Sitakwenda.

Nyumbani nimemwonyesha Mwanaidi. Akasema hongera, mume wangu. Kisha akachukua debe.


Jumatano, 27 Juni

Bi Mosi ameshikwa na kifua, amelala. Mwanaidi naye homa tangu jana, nimemkataza kutoka.

Basi leo asubuhi Bi Zuhura ametoka mwenyewe. Nilikuwa bombani sokoni kuandika mita ya bomba. Foleni ya wanawake ikanyamaza ghafla. Nikainua macho. Mwanamke kajifunika kaniki mpaka machoni, ana debe, anatembea kwa kugusagusa ukuta kama asiyezoea mwanga. Wanawake wakampisha mbele. Baadhi kwa huruma. Wawili nyuma yangu wakaanza: mjane gani huyu, hata siku arobaini zimetimia juzi tu, kisha yuko sokoni kati ya wanaume. Mwingine akasema labda ana mtu.

Nilikuwa na uwezo wa kugeuka na kusema sababu. Sentensi moja ingetosha. Nikainama nikaandika namba ya mita, na namba yenyewe nimeikosea, nimelazimika kuifuta.


Ijumaa, 29 Juni

Msikitini. Habari imeenea, na ndugu wawili wa marehemu, wa baba mmoja mama mbalimbali, wamekwenda kwa Maalim kuuliza kama mke wa kaka yao ameivunja eda. Najua wanachokitaka. Wanaitaka nyumba. Wakipata neno baya juu yake watalifanya ngazi. Atatolewa, na Bi Mosi pamoja naye.

Maalim aliwajibu mbele ya watu wote baada ya sala, wala hakupandisha sauti. Mwenye kukosa maji ana dharura, na dharura haina dhambi. Dhambi ni ya aliyemtia katika dharura. Akasema atakwenda yeye na Liwali kwenye ofisi ya maji Jumanne kuuliza kwa nini mjane hakusaidiwa na msaada upo.

Watu wakanigeukia mimi, karani wa maji, Mwislamu mwenzao. Mmoja akanipiga begani akasema, "Athumani, wewe uko ndani kule, utatusaidia." Nikaitikia kwa kichwa.

Liwali ni mtu wa pwani. Anasoma herufi za Kiarabu kuliko mimi.


Jumatatu, 2 Julai

Mzee Mwakalinga amepata habari kwamba kesho anakuja Liwali. Bwana wa Maji kakasirika, hapendi kuulizwa. Kamwambia Mzee kama kuna kosa litamwangukia yeye, maana faili lina sahihi yake. Mzee akatoka chumbani kwa Bwana, akaja moja kwa moja mezani kwangu. Ana miaka ishirini na miwili kazini. Ana binti anayesomea ualimu.

Akaniambia, "Itafute ile dua, kijana wangu. Tumwonyeshe Liwali kwamba huyu mama hakutuchukia." Hakuwa na kinyongo hata kidogo. Ananitegemea.

Niliitoa kwenye faili. Wino mwekundu juu yake. Nikaitia mfuko wa koti, nikaenda nayo nyumbani saa sita kula.

Naandika nilichotaka kufanya. Nilitaka kuichoma. Jiko lilikuwa na moto, Mwanaidi alikuwa amelala chumbani. Faili zinapoteza karatasi kila siku, nani angeshangaa. Niliikunjua ili iwake vizuri. Nikaona mstari wa kwanza, jina la Mungu. Tangu chuoni tunakatazwa kutupa karatasi yenye jina lile hata njiani, sembuse kulitia motoni pamoja na makaa na maganda ya viazi. Mkono ukagoma.

Nisijidanganye kwamba nilikuwa mwema. Haki ya Bi Zuhura haikunizuia, wala binti wa Mzee. Niliogopa tu. Lakini niliogopa, na barua ipo.


Jumanne, 3 Julai

Nimefika ofisini kabla ya wote. Nikachukua karatasi ya ofisi, nikaiandika barua ya Bi Zuhura kwa herufi za kizungu, neno kwa neno, kama ilivyo, kama baba alivyoniagiza. Mara mbili nilisimamisha kalamu: kwenye "chini ya mlango", na kwenye "mtu wa adabu". Nikaandika yote mawili. Chini nikaongeza mistari yangu: kwamba notisi sikumtia mtu mkononi, kwamba daftari ni la uwongo, kwamba barua hii niliielewa siku ile ile ilipoletwa. Nikatia jina langu lote na la baba yangu.

Nikaiweka mezani kwa Mzee Mwakalinga pamoja na ile yenyewe. Akavaa miwani. Alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipomaliza hakuniangalia.

"Hii ndiyo ile dua?"

"Ndiyo, Mzee."

Akavua miwani, akaifuta kwa tai, akaivaa, akasoma tena. Kisha akasema kitu kwa Kinyakyusa, si kwangu. Sijui maana yake na sikuuliza. Nilisimama pale. Nilitamani apige meza. Akainuka tu, akafungua mlango wa Bwana, akanitangulia.

Liwali na Maalim walipofika tulikuwa bado ndani. Bwana akaamuru niisome ile ya Kiarabu kwa sauti, Liwali akifuatilia kwa macho juu ya bega langu. Nilipofika kwenye "mtu wa adabu" Maalim akainamisha kichwa. Nadhani aliona haya kwa niaba yangu.


Jumatano, 4 Julai

Uamuzi ulitoka jana ile ile. Deni la Bi Zuhura limefutwa lote. Maji yarudishwe. Kuanzia sasa asiyeweza kutoka nyumbani, kwa eda, kwa ugonjwa au kwa uzee, amtume mtu na apokewe. Liwali amewaita ndugu wa marehemu barazani kwake, kawaambia mjane hana doa na nyumba waiache. Karani aliyemnyima maji ndiye aliyeivunja eda. Alisema hivyo mbele ya watu, na jina langu alilitaja.

Bwana alitaka kunifukuza. Mzee Mwakalinga ndiye aliyesema nisifukuzwe. Hakunitetea kwa upendo. Alisema tu kwamba ofisi inahitaji msomaji wa barua hizi, na huyu sasa ameshajua bei ya kusoma vibaya. Barua ya kuthibitishwa imechukuliwa. Baiskeli pia. Nitafanya kazi na wachimba mitaro ya mabomba mpaka watakapoona vingine. Barua za Kiarabu nitasoma, mbele ya mashahidi wawili.

Ukweli mwingine uliokuwa umebaki ni wa nyumbani. Nilimwambia Mwanaidi yote jana jioni, nimekaa chini kwenye mkeka, yeye kitandani na homa yake. Aliniacha nimalize. Hakulia wala hakupiga kelele. Aliniuliza kitu kimoja, kama Bi Zuhura ana maji ya kesho. Nikasema fundi atafungua Ijumaa.

"Basi kesho utapeleka wewe."

Leo nimepeleka. Madebe mawili, safari mbili, kichwani, saa nne asubuhi, nikakatisha Majengo nzima. Sijawahi kumwona mwanamume wa mtaa ule akijitwika maji. Sijui kujitwika. Yalinimwagikia shingoni mpaka viatuni. Wanaume barazani wakaacha bao. Hakuna aliyecheka, na hilo lilikuwa baya zaidi. Mmoja akasema taratibu, "Maji yakimwagika hayazoleki, bwana karani." Ni kweli. Niliendelea na nusu iliyobaki.

Niliweka mlangoni, sikupiga hodi. Nikamwita jirani mwanamke aingize.


Ijumaa, 6 Julai

Fundi wa ofisi ana kazi Uhindini. Nikapewa spana nifungue mwenyewe. Nikainua kifuniko, nikapiga magoti kwenye udongo, nikazungusha mara nne. Chini ya ardhi nikasikia maji yanapita.

Bi Mosi ameshapata nafuu. Alikuja mlangoni na fimbo, akasema niingie uani niangalie kama yanatoka sawa, mkwewe amejifungia chumbani. Nikaingia. Bomba lilikohoa, likatema maji mekundu, halafu ya kahawia, halafu meupe. Mama akayatazama muda mrefu. Nilijua anajua mimi ni nani. Mtaa mzima unajua. Nilikuwa nimejiandaa, nilikuwa na maneno ya kuomba radhi tangu jana, niliyapanga vizuri.

Akachukua kopo, akalisuuza mara mbili, akalijaza, akanipa. Kwao mtu hafanyi kazi uani akaondoka bila kunyweshwa.

Nikalipokea kwa mikono miwili. Nikanywa maji yale, yote, wakati yeye amesimama akinisubiri nimalize. Yalikuwa baridi sana. Nikamrudishia kopo. Akasema ahsante kwa kazi, baba. Akaliweka kopo juu ya ukuta, mahali pake, akaanza kufua.

Nimesoma mita, nimeandika namba. Jumatatu naanza mitaroni.